Asilimia mia moja ya watoto gani?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotoka, miji ya mashariki inajaa kelele kwa siku mbili tatu. Ujumbe unaingia kwenye simu, kijana anapiga yowe, anamwagiwa poda nyeupe kichwani, na pikipiki zinampeleka mtaani zikipiga honi. Kisha poda inaoshwa, na juma linalofuata kaliko zinatundikwa kwenye milango ya shule: asilimia 100 hapa, 98 pale, 100 tena ng'ambo ya barabara. Wazazi wenye watoto wa kuandikisha mwezi wa tisa wanasoma kaliko hizo, wanahesabu pesa walizo nazo, wanaamua.

Namba inayoongoza uamuzi huo inasema jambo moja tu: kati ya wanafunzi waliokaa kwenye kiti cha mtihani, wangapi walishinda. Haisemi wangapi walianza safari pamoja nao. Haisemi waliokosekana walikwenda wapi, wala nani aliwaonyesha mlango. Na katika shule nyingi za sekondari za mashariki, habari yenyewe iko hapo, kwa watoto ambao hawakufika kwenye kiti.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme shule moja inapokea watoto 120 katika mwaka wa kwanza wa humanite. Miaka mine baadaye inapeleka 38 kwenye mtihani, na wote 38 wanashinda. Kaliko inaandikwa 100. Shule ya pili inapokea 120 vilevile, inapeleka 96, na 70 wanashinda. Hiyo ni karibu 73, na hakuna anayenunua kitambaa kwa ajili ya 73. Lakini kati ya watoto 120 wa mwanzo, shule ya pili imetoa diploma 70. Ile yenye kaliko imetoa 38. Mama anayeuza samaki sokoni ili mwanawe aingie mwaka wa kwanza hamwandikishi kati ya wale 38. Anamwandikisha kati ya 120, na hakuna aliyemwambia kwamba wawili kati ya kila watatu hawatafika mwisho.

Njia za kupunguza darasa ni nyingi, na karibu zote zinafanywa kwa adabu. Mtoto aliyepata 52 anaambiwa kwamba amepita, lakini aende kuendelea shule nyingine. Mwenzake anarudilia mwaka mara moja, na safari ya pili jina lake halionekani tena kwenye orodha. Mwingine anashauriwa kubadilisha sektioni, na sektioni anayoshauriwa haiko katika shule ile. Msichana aliyepata mimba hafukuzwi kwa barua. Anaacha kuja, na hakuna anayemfuata nyumbani. Kisha kuna wale wanaorudishwa juu ya minervali, juma moja mwezi wa kumi na moja, majuma mawili mwezi wa pili, mpaka masomo yanakuwa yamekwisha kwenda mbali nao. Kwenye daftari wote wanaandikwa kwa neno moja: ameacha. Nani alimwacha nani, daftari halisemi.

Mchezo huu una upande wa pili. Kuna wanafunzi wanaohama mwaka wa mwisho kwenda shule yenye sifa ya kupitisha watu. Wanalipa, wanaandikwa kama finalisti wa pale, na ushindi wao unaingia katika hesabu ya shule iliyowafundisha miezi michache. Ile iliyowabeba miaka mitatu, iliyowafundisha kuandika barua na kutafuta thamani ya x, haipati kitu. Kaliko haina nafasi ya maelezo kama hayo.

Kama ingekuwa shule ya mtu binafsi, mtu angeweza kusema ni biashara yake na wateja wake. Lakini nyingi kati ya shule zenye majina makubwa mashariki ni zile za konvansioni, zinazoendeshwa na makanisa kwa mapatano na serikali. Serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa mwaka 1974. Haikupita miaka mitatu ikarudi kuwaomba wenyewe waziendeshe, na tarehe 26 Februari 1977 mapatano yakatiwa sahihi na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu na jamii nyingine za dini walifuata baadaye. Tangu hapo kanisa linasimamia shule na nidhamu yake na lina neno kubwa katika kuchagua wakubwa wake. Serikali inaweka programu, inatuma wakaguzi, inaandaa mitihani, inalipa walimu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaziweka shule hizo upande wa shule za umma, bila kusitasita.

Neno «inalipa» linahitaji kusomwa polepole, kwa sababu walimu wengi bado hawaonekani kwenye orodha ya mishahara, na tangu miaka ya 1990 wazazi ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa prime na minervali. Gratuite iliyoanza mwezi wa tisa 2019 iliwapunguzia mzigo katika shule za msingi. Sekondari wanaendelea kutoa. Lakini hilo linazidisha haki ya kuuliza, halipunguzi. Shule ya konvansioni inaishi kwa mishahara ya hazina ya taifa na kwa pesa ya mama wa soko. Mtoto anayeonyeshwa mlango anatolewa katika nyumba ambayo jamaa yake imelipia mara mbili.

Namna ya kupima shule ya aina hii imekwisha kubishaniwa mahali pengine kwa zaidi ya miaka 30, na mabishano hayo yanaweza kusaidia hapa. Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha mwaka 1991 sheria ya shule za mkataba, zinazoitwa charter, na ya kwanza ilifunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992. Zinafanana na zile za konvansioni kwa jambo kubwa: pesa ni ya umma, uongozi si wa serikali. Zinatofautiana kwa mambo matatu. Hazitozi minervali. Zinapewa mkataba wa muda, mara nyingi miaka mitano, na isiyotimiza ahadi inaweza kufungwa. Na watoto wanaoomba wakizidi nafasi, kura inapigwa. Leo shule hizo ni zaidi ya 7,000 na zina watoto zaidi ya milioni 3. Jamaa za Wakongo waliopokelewa kule kutoka kambi za wakimbizi nazo zinakutana na mabango yake, na swali ni lile lile waliloliacha Uvira ao Rutshuru: shule hii ni nzuri kweli, ao ni jina?

Mfano unaofundisha zaidi ni mtandao wa Success Academy wa New York. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa Harlem mwaka 2006 chini ya Eva Moskowitz, ambaye alikuwa diwani wa mji. Watoto wake wengi ni weusi na Walatino wa jamaa zenye kipato kidogo, na alama zao za hesabu na za kusoma katika mitihani ya jimbo zimepita zile za shule za mitaa ya matajiri. Hilo si hila ya karatasi. Wanafundishwa kweli, kwa saa nyingi na kwa nidhamu kali. Mwaka 2018 kundi la kwanza lilimaliza sekondari, na wote walikuwa wamepokelewa chuo kikuu. Asilimia 100.

Walikuwa 16. Mwaka 2006 walikuwa wameanza watoto 73.

Jamaa nyingine zilihama, kama watu wanavyohama kila mahali. Lakini nafasi zilizobaki wazi hazikujazwa, kwa sababu shule ilikuwa imeamua kutopokea watoto wapya baada ya darasa la nne, wakati shule ya kawaida ya serikali katika mtaa ule ule inampokea mtoto anayefika katikati ya mwaka, hata asiyejua Kiingereza. Tena, mwaka 2015 gazeti la New York Times liliandika kwamba katika shule moja ya mtandao huo, huko Brooklyn, mkubwa wa shule alikuwa ametengeneza orodha ya watoto 16 yenye kichwa kinachosema lazima waende. Tisa kati yao waliondoka. Moskowitz alikubali mbele ya waandishi wa habari kwamba orodha hiyo ilikuwa kosa, akakataa kwamba ndiyo desturi ya shule zake.

Hapo Wamarekani wangeweza kubaki wakizomeana, hawa wakiimba 100, wale wakiimba 16 juu ya 73. Kilichowatoa ni kura. Wazazi wote wanaoingia katika kura wanatamani shule ile. Bahati ndiyo inayowagawanya watoto wao, si akili wala mfuko. Kwa hiyo watafiti huko Boston walifuata watoto walioshinda kura na watoto walioikosa, mwaka kwa mwaka, popote walipokwenda kusoma. Aliyeshinda kura alibaki katika kundi la washindi hata kama alihama shule baadaye, kwa hiyo shule haikuweza kujipamba kwa kumtoa. Na hata kwa kipimo hicho kigumu, watoto wa shule za mkataba za Boston walikuwa wamesonga mbele kwa hatua kubwa, zaidi katika hesabu. Wenye kuzitetea walikuwa na haki.

Lakini si kila mahali. Kituo cha CREDO cha chuo kikuu cha Stanford kilichunguza mwaka 2009 shule za majimbo 15 na za mji mkuu wa Marekani. Katika hesabu, asilimia 17 ya shule za mkataba zilishinda shule ambazo watoto wao wangesoma kama zisingekuwepo, asilimia 37 zilishindwa nazo, na zilizobaki hazikuwa na tofauti ya kuonekana. Mwaka 2023 kituo hicho hicho kilikuta hali imekuwa bora, lakini kwa kiasi kidogo: faida yenye uzito wa siku 16 za masomo kwa mwaka katika kusoma na siku 6 katika hesabu. Yaani kibao kilichoandikwa mlangoni hakikusema kitu. Ilibidi kuangalia shule kwa shule, na kuwahesabu watoto wote.

Mashariki mwa Kongo hakuna kura. Kuna mtihani wa kuingia, kuna barua ya padri ao ya mchungaji, kuna simu ya mkubwa fulani, na nyuma ya vyote kuna minervali. Shule inachagua watoto ambao tayari wanajua, kisha inasifiwa kwa kuwa wanajua. Jirani yake anapokea waliobaki, anawainua kutoka chini kabisa mpaka kwenye 55, na anaitwa shule ya wajinga. Haki inaomba kuuliza mtoto aliingia na nini, akatoka na nini. Alama za mwanzo zipo: ENAFEP inafanywa mwisho wa msingi, TENASOSP mwisho wa mwaka wa nane. Kuziweka karatasi hizo kando ya matokeo ya Exetat si kazi ya wataalamu wa Stanford. Katibu wa ofisi ya Proved mwenye kompyuta moja na umeme wa saa tatu anaweza kuifanya.

Vilevile sektioni hazilinganishwi ovyo. Latin-Filo yenye watoto 20 na sektioni ya kushona yenye watoto 80 haziwezi kupimwa kwa kaliko moja, na shule iliyofuta sektioni zake za ufundi ili kupandisha wastani imeondolea mtaa mafundi, haikuuongezea akili.

Kuna pia jambo ambalo New York haina. Masisi, Djugu ao Fizi, darasa linaweza kupungua nusu kwa juma moja kwa sababu ya risasi, na hapo hakuna prefe wa kulaumiwa. Upande wa pili wa barabara hiyo hiyo ya wakimbizi kuna shule za mjini zilizopokea watoto hao katikati ya mwaka, bila bultini, bila daftari, wengine wakiwa wamepoteza mwaka mzima. Shule iliyofungua mlango wake namna hiyo itaanguka kwenye palmaresi. Iliyoufunga itabaki na 100 yake. Mpaka sasa hakuna kaliko inayotofautisha hizo mbili, na ndiyo sababu namba peke yake haikosi tu kusema kweli: inamwadhibu aliyepokea.

Sifa nayo ina mwendo wake. Jina la Alfajiri huko Bukavu ao la Boboto huko Kinshasa linajulikana na watu ambao hawajapita hata mbele ya ukuta wake, na Wajezuiti hawakulijenga kwa kitambaa. Ni kazi ya walimu wa miaka mingi. Lakini jina lolote la shule linatembea polepole kuliko shule yenyewe. Anayelisifu leo mara nyingi alisoma pale miaka 30 iliyopita, wakati darasa lilikuwa na watoto 35 na mwalimu aliweza kuishi kwa mshahara wake. Shule inaweza kushuka miaka kumi kabla ya mtaa kujua, na shule ndogo ya pembeni, ya mabati na mbao, inaweza kupanda miaka kumi bila mtu kuitaja. Sifa ni ushahidi wa zamani. Inafaa kusikilizwa, kama vile mzee anavyosikilizwa, kisha mtu anakwenda kuangalia mwenyewe.

Wakubwa wa shule wana maneno yao, na mengine ni ya kweli. Prefe anauliza: nikiwabeba wote mpaka mwisho, asilimia ikashuka, wazazi si watahamisha watoto wao kesho yake? Watahamisha, ndiyo. Anasema tena kwamba mtoto asiyejua kusoma katika mwaka wa tatu wa humanite anarudisha nyuma wenzake 60, na kwamba mwalimu asiyelipwa na serikali hawezi kuombwa afundishe masaa ya jioni bure. Haya si visingizio. Wazazi wanaodai 100 kila mwaka ndio wanaonunua ile orodha ya watoto wa kuondolewa, hata bila kujua, mpaka siku mtoto wao anapoonekana juu yake. Na kuna shule zenye 100 ya kweli, zilizoanza na 60 zikamaliza na 57. Hizo zingefurahi kuliko zote kama hesabu kamili ingewekwa wazi, kwa sababu leo zinasimama kwenye mstari mmoja na wale wa 38 juu ya 120.

Kuiweka wazi kunaomba karatasi moja. Kwa kila kundi linalomaliza: wangapi waliingia mwaka wa kwanza, wangapi waliongezeka njiani, wangapi walitoka na kwa sababu gani, wangapi waliandikwa kwa Exetat, wangapi walishinda, wasichana na wavulana wakihesabiwa mbalimbali. Chini yake, minervali ya mwaka mzima pamoja na yale madogo madogo yanayodaiwa bila risiti. Sehemu ya kwanza imo tayari katika madaftari, na kila mwaka shule zinajaza fomu za takwimu ambazo zinapanda ofisini na hazishuki tena kwa mzazi. Hata kumfuata mtoto aliyehama kunawezekana: bultini ina sehemu ya namba yake ya kudumu, ile ya SERNIE, iliyowekwa ili mwanafunzi ajulikane popote anapokwenda. Namba hiyo ikijazwa kweli, na isiachwe tupu kama inavyoachwa mara nyingi, aliyeambiwa «amepita, aende kwingine» ataonekana alifika wapi. Finalisti aliyehamia mwezi wa kumi naye atarudishwa katika hesabu ya walimu waliomlea.

Koordinasioni za makanisa hazina sababu ya kungoja Kinshasa. Zinaweza kuomba karatasi hiyo kwa shule zao kuanzia mwaka huu, na komite ya wazazi ina haki ya kuidai katika mkutano wa kwanza wa mwaka, pale bajeti ya prime inapojadiliwa. Kanisa linalofundisha kwamba mchungaji anawaacha kondoo 99 ili kumtafuta mmoja halitaona ajabu kuulizwa 82 walikwenda wapi.

Wakati karatasi hiyo haijabandikwa, mzazi anaweza kuuliza mwenyewe siku ya kuandikisha, kabla ya kutoa pesa ya kwanza. Finalisti wa mwaka huu, walipokuwa mwaka wa kwanza, darasa lao lilikuwa na watoto wangapi? Asiyelipa kwa wakati anafanyiwa nini, na mara ngapi kwa mwaka? Mtoto aliyeanguka hesabu anasaidiwa na nani, saa ngapi? Prefe anayejibu kwa namba, hata zikiwa mbaya, anajua watoto wake. Anayeonyesha kaliko amekwisha kujibu pia. Kuandikisha kunaendelea mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, na katika shule nyingi pesa ikishatolewa hairudishwi.